Kenya iliwahi kuwa nchi ya kijamaa? Swali limekwama kwenye neno

KATIKA bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji la Nairobi, kuna bunge lisilo na spika wala marupurupu. Wanaokutana pale wanajiita Bunge la Mwananchi, na hoja zao huanzia bei ya unga hadi siasa za Amerika Kusini. Mojawapo ya hoja ambazo nimezisikia pale mara nyingi ninapokatiza kutoka chuo kikuu kuelekea mjini ni hii: ni nchi zipi duniani zinazostahili kuitwa za kijamaa? Mmoja atasema ni Kuba pekee iliyobaki. Mwingine ataitetea Uchina, naye ajibiwe, "Wacha hizo, Uchina ni wafanyabiashara tu kama Wahindi wa Biashara Street." Wa tatu ataitaja Tanzania ya Mwalimu Nyerere. Kisha mtu atafunga mjadala hivi: "Sisi Kenya hatujawahi kuwa huko. Hiyo ni stori ya Watanzania, bana." Hapo wote hukubaliana na kuhamia hoja nyingine.

Katika makala haya ninadhamiria kuipinga kauli hiyo ya mwisho. Wala si kauli ya vijiweni tu. Ninaisoma katika insha za wanafunzi na ninaisikia katika mijadala ya redio. Historia tunayofundishwa hutupa muhtasari mwepesi: Tanzania ilichagua ujamaa, Kenya ikachagua ubepari. Muhtasari huo una ukweli ndani yake. Hata hivyo, unaficha jambo ambalo linapaswa kumshughulisha kila anayejali lugha na siasa. Miongoni mwa serikali za Kenya, Tanzania na Uganda, iliyotangulia kujiandikia waraka mzima wa sera unaojitangaza kuwa wa kijamaa ni serikali ya Kenya.

Ninazungumzia Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965, uliohusu Ujamaa wa Kiafrika na namna ya kuutumia katika mipango ya maendeleo. Uliandaliwa katika wizara ya Tom Mboya na kuidhinishwa na Bunge mnamo Mei 1965. Azimio la Arusha lilikuja miaka miwili baadaye, 1967. Mkataba wa Mtu wa Kawaida wa Milton Obote ulitolewa 1969, na mnamo Mei Mosi 1970, katika uwanja wa Nakivubo jijini Kampala, Obote akatangaza kwamba serikali yake ingechukua asilimia 60 ya hisa za makampuni makubwa. Ni kweli kwamba Nyerere alikuwa ameandika kijitabu chake kuhusu ujamaa mwaka 1962, lakini kile kilikuwa kijitabu cha chama cha TANU, hakikuwa mpango wa serikali uliopitishwa bungeni.

Kwa hivyo, kufikia katikati ya mwaka 1970, nchi zote tatu za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikuwa zimejiandika kuwa za kijamaa. Ungewauliza watawala, wangekuambia kwamba ukanda mzima kuanzia Ziwa Viktoria hadi Bahari Hindi ni wa wajamaa. Ungeuliza nani anamiliki shamba, kiwanda na benki, ungepata majibu matatu yanayotofautiana kama usiku na mchana. Inakuwaje neno moja lizibebe nchi tatu namna hiyo bila kulalamika?

Nadhani mjadala huu umekwama kwenye neno lenyewe. Tuliangalie basi.

"Ujamaa" limetokana na "jamaa", neno ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kundi au mkusanyiko wa watu. Kiswahili kililifinyanga likawa neno la nasaba: jamaa zangu ni watu wa ukoo wangu, wale ninaozikana nao. Nairobi ya leo imelifinyanga tena. Mtu wa Kangemi akisema, "Kuna jamaa amenikanyaga kwa matatu," hamaanishi binamu yake. Anamaanisha mtu asiyemjua kabisa. Neno limetoka kwenye ukoo likaishia kwa mpita njia.

Lakini mgogoro mkubwa zaidi uko kwenye kiambishi u-. Kiambishi hiki kina kazi nyingi, na mbili kati yake zinatuhusu hapa. Kwanza, huzaa nomino za hali ya uhusiano: undugu, ujirani, urafiki. Pili, huzaa nomino za mifumo: ukoloni, ubepari, ubeberu. Undugu ni jambo la moyo na mwenendo. Ukoloni ni jambo la sheria, ardhi, kodi na bunduki. "Ujamaa" umeketi kwenye viti vyote viwili kwa wakati mmoja. Ukiutamka, msikilizaji anaweza kusikia hali ya kupendana kama watu wa nyumba moja, au anaweza kusikia mfumo ambamo njia kuu za uchumi ziko mikononi mwa umma. Kamusi zetu hutoa maana hizo mbili, na mwanasiasa hodari anaweza kuahidi ile ya pili huku akitekeleza ile ya kwanza tu. Na ile ya kwanza, tukubaliane, haina gharama. Kuniita ndugu hakukugharimu hata senti.

Linganisha na majirani zetu Wasomali. Siad Barre alipotangaza mnamo Oktoba 1970 kwamba Somalia inafuata njia hiyo, neno lililotumika lilikuwa "hantiwadaag". "Hanti" ni mali, na "wadaag" ni kushirikiana. Msomali anayeuliza kama nchi fulani ni ya hantiwadaag analazimishwa na neno lenyewe kuitazama mali: iko kwa nani, na inashirikiwa vipi? Sisemi kwamba neno hilo liliwaokoa Wasomali na udikteta, maana halikuwaokoa. Ninachosema ni kwamba lilitoa kipimo ndani ya jina. Neno letu lilitoa kipimo cha mapenzi.

Nyerere, kwa haki yake, alijua alichokuwa akifanya alipolichagua. Hoja yake ya 1962 ilikuwa kwamba ujamaa ni mtazamo wa akilini kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na kwamba Mwafrika wa jadi aliulelewa nyumbani kwao, hakuhitaji kufundishwa na Ulaya. Lakini aliongeza wajibu. Aliikumbusha hadhira yake methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika ujamaa wake, kila mtu ni mfanyakazi, na anayekula jasho la mwenzake amejitoa mwenyewe katika ukoo.

Sasa turudi Nairobi, tuusome Waraka Nambari 10 kama tunavyosoma andiko lolote, yaani kwa kuchunguza unavyojenga hoja. Uliandikwa kwa Kiingereza, lakini unafikiri kwa neno "jamaa". Unadai kwamba Ujamaa wa Kiafrika una mizizi miwili katika mila zetu: demokrasia ya kisiasa, na wajibu wa kila mmoja kumjali mwenzake. Wajibu huo unaelezwa kama moyo wa familia ya Kiafrika uliopanuliwa ukafika kwenye taifa zima. Kisha unasema kwamba migawanyiko ya kitabaka iliyoikumba Ulaya haina mfano wake katika jamii yetu. Unaukataa Umaksi, na vilevile unaukataa ubepari usiodhibitiwa. Kuhusu mali, unapendekeza kwamba jambo la muhimu ni namna rasilmali zinavyotumiwa na kudhibitiwa, si lazima ziwe za serikali. Utaifishaji uwe wa nadra, na wenyewe walipwe fidia.

Si andiko la kijinga. Mboya alikuwa na akili pevu, na hofu yake ilikuwa ya kweli: Kenya ya 1965 haikuwa na fedha wala wataalamu wa kuendesha kila kitu, na mtaji wa kigeni ungeweza kuhama usiku mmoja. Hoja ya kwamba serikali inaweza kudhibiti mali kwa kodi na leseni bila kuimiliki inatetewa hadi leo na watu makini.

Tatizo liko kwingine. Waraka huo unapofika kwenye swali la fedha za maendeleo ziende wapi, moyo wa familia unapotea ghafla. Unashauri zielekezwe kwenye maeneo yatakayozalisha zaidi kwa haraka: yenye udongo mzuri, mvua ya kutosha, barabara na umeme, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Tafsiri yake ni kwamba aliyekuwa nacho ataongezewa, na Turkana, Garissa na Marsabit zitasubiri. Je, ni mzazi gani anayempa uji mtoto mnene kwanza kwa sababu ananenepa haraka zaidi? Hapo ndipo andiko linapojikana. Lilipotaka jina, lilizungumza lugha ya ukoo. Lilipogawa pesa, lilizungumza lugha ya benki.

Kuna jambo jingine katika andiko hilo ambalo mhakiki hawezi kulipuuza. Dibaji yake, iliyotolewa kwa jina la Rais Jomo Kenyatta, inawataka Wakenya waachane na mabishano ya nadharia na shaka juu ya shabaha za jamii yao, wauchukue waraka huo kuwa sauti ya kuwaunganisha, kisha wajenge nchi. Yaani, serikali ilitamka kwamba nchi ni ya kijamaa, na papo hapo ikaomba watu wasiulize maana yake. Mimi ningesema hiyo ndiyo sentensi muhimu kuliko zote katika waraka mzima. Neno linalotangazwa pamoja na ombi la kutolijadili limeshaanza kufanywa pambo.

Hata hivyo, walikuwapo waliojadili. Mwezi wa Julai mwaka uo huo, mwanauchumi mmoja kijana aliandika katika jarida la East Africa Journal makala ya kuuhakiki waraka huo. Aliuliza ujamaa huo ni upi hasa ikiwa haujaeleweka unatofautianaje na mifumo mingine. Aliuliza nguvu za kiuchumi zilizorundikana mikononi mwa wachache zitapunguzwa vipi. Alitaka ushirika wa ardhi upewe nafasi kabla ya hatimiliki za mtu mmoja mmoja. Jina lake lilikuwa Barack Obama, baba mzazi wa aliyekuja kuwa rais wa 44 wa Marekani. Watu wengi wanamkumbuka kwa sababu ya mwanawe. Mimi ningependa tumkumbuke pia kwa sababu alikataa kulichukua neno kwa mkopo bila kuuliza riba.

Mwingine hakupata nafasi ya kuusoma waraka huo ukipitishwa. Pio Gama Pinto, mbunge na mwanahabari aliyewahi kuwekwa kizuizini na wakoloni, alipigwa risasi Februari 24, 1965 nje ya nyumba yake mtaani Westlands, binti yake mdogo akiwa garini. Pinto alikuwa karibu sana na Jaramogi Oginga Odinga, na kwake yeye ujamaa uliohusu kitu kingine badala ya ardhi na umiliki haukuwa ujamaa. Westlands ya leo ni ya majumba ya vioo, benki na baa za bei ghali. Anayepita pale akielekea Kangemi akiwa ameshikilia chuma cha matatu hana kitu cha kumkumbusha kwamba mojawapo ya hoja kali kuhusu nchi hii iwe ya nani ilinyamazishwa katika mtaa huo.

Kisha kuna Bildad Kaggia. Alitimuliwa kwenye wadhifa wake serikalini mwaka 1964 kwa kusisitiza kwamba ardhi iliyotwaliwa na walowezi iwafikie wasio na ardhi bila kuuziwa. Mwaka 1965, kule Kandara, Kenyatta alimsuta hadharani: wenzake waliofungwa pamoja naye wana mashamba na biashara, yeye amejifanyia nini? Hebu liweke suto hilo kando ya waraka. Katika mwaka mmoja, nchi moja ilijiita ya kijamaa bungeni, na katika mkutano wa hadhara ikamcheka mtu kwa kutojilimbikizia mali. Kati ya maneno hayo mawili, lipi lilikuwa sera?

Jibu lilikuja rasmi miaka sita baadaye. Tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa ilitoa ripoti yake mwaka 1971, na mojawapo ya matokeo yake ni kwamba watumishi wa umma waliruhusiwa kufanya biashara zao. Huku ng'ambo ya mpaka, Azimio la Arusha lilikuwa limeweka masharti ya viongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni ya kibepari, asiwe na nyumba ya kupangisha. Tazama masharti hayo yalivyo ya kawaida. Hayahitaji profesa kuyafafanua. Mjumbe wa nyumba kumi angeweza kuhesabu nyumba za diwani wake akajua kama ni mjamaa au si mjamaa. Hapo, na mabenki yalipotaifishwa Februari 1967, "ujamaa" ulitoka kwenye kiti cha undugu ukakaa kwenye kiti cha mifumo.

Je, basi tuseme tumemaliza, Tanzania ilikuwa ya kijamaa na Kenya haikuwa? Polepole. Kuna wasomi wa mrengo wa kushoto ambao hawakukubali hata hilo. Abdulrahman Babu, Mzanzibari aliyekuwa waziri na kisha akafungwa kuanzia 1972 hadi 1978, alichapisha mwaka 1981 kitabu ambacho jina lake lenyewe linauliza: tunataka ujamaa wa Kiafrika, au Afrika iliyo ya kijamaa? Issa Shivji, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1976, alidai kwamba nguvu nchini Tanzania zilikuwa zimehamia kwa tabaka la warasimu waliosimamia mali ya umma kana kwamba ni yao. Na mkulima aliyehamishwa kwa nguvu miaka ya 1973 hadi 1976, nyumba yake ikabomolewa ili ahamie kijiji cha ujamaa, ana haki ya kuuliza: kama kijiji ni chetu sote, mbona sikuulizwa?

Wapo wanaopendelea kuuita mfumo wa aina hiyo "usoshalisti", ili kuutenga na undugu wa mababu. Naielewa nia yao. Lakini kubadilisha jina hakuondoi tatizo. "Usoshalisti" nao una mazoea ya kupimwa kwa jina: nchi inayoongozwa na chama chenye nembo fulani huhesabiwa, nyingine huachwa. Kwa kipimo hicho Korea Kaskazini iko ndani bila swali. Na ukienda kwa katiba, mambo yanakuwa ya kuchekesha zaidi. Utangulizi wa katiba ya India uliongezewa neno hilo mwaka 1976, na liko hadi leo, huku Mumbai ikiwa na mojawapo ya masoko makubwa ya hisa duniani. Sri Lanka inalibeba katika jina rasmi la nchi. Hapa kwetu, ibara ya 3 ya Katiba ya Tanzania ingali inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi ya kidemokrasia na ya kijamaa. Lakini masharti ya viongozi yalilegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991, na soko la hisa la Dar es Salaam limekuwa likifanya biashara tangu 1998. Ibara ya 151 ya katiba hiyo hiyo inaueleza ujamaa kwa misingi ya kujitegemea, uhuru, haki, usawa, udugu na umoja. Mali haitajwi katika ufafanuzi huo. Neno limerudi kwenye kiti chake cha kwanza, kimyakimya.

Watakuwapo watakaoniuliza, "Mwalimu, kuna haja gani? Si huo ujamaa uliwashinda wenyewe?" Watanikumbusha kijembe ambacho huhusishwa na Charles Njonjo. Watanzania waliisema Kenya kuwa ni jamii ya mtu kula mtu, naye akajibu kwamba kwao ni jamii ya mtu kutokula kitu. Kijembe ni kitamu, na foleni za sukari na sabuni za Tanzania ya miaka ya mapema ya 1980 zilikuwa za kweli. Lakini kinachanganya maswali mawili. Kama ujamaa unalipa ni swali moja. Nchi ipi ni ya kijamaa ni swali jingine. Huwezi kujibu la kwanza ikiwa la pili umelijibu kwa kusoma kibao mlangoni. Anayesema ujamaa ulifeli Kenya, na anayesema haukuwahi kujaribiwa Kenya, wote wanahitaji kwanza kutuambia wanapima nini.

Mimi naamini kipimo tunacho, na hatuhitaji kukiazima. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Methali hiyo imesikika katika harusi na harambee hadi imechakaa, lakini isome upya kama sentensi ya siasa. Waraka Nambari 10 ulijenga madai yake juu ya kufanana: sisi ni Waafrika, mila zetu ni moja, hatuna matabaka, kwa hivyo sisi ni wajamaa. Methali inasema hilo halitoshi. Inadai kitenzi, tena chenye kiambishi tamati -ana cha kutendana. Nikufae, nawe unifae. Ukiondoa huko kutendana, kinachobaki ni sura tu.

Kwa hivyo, badala ya kuuliza "nchi hii inaitwaje?", tuulize kwa vitenzi. Nani anamiliki? Nani anaamua? Nani anafanya kazi, na nani anakula? Anayeumwa bila pesa anatibiwa? Ukiipeleka Kenya ya 1965 mbele ya maswali hayo, inaanguka kwenye la kwanza. Ukiipeleka Tanzania ya 1967, inapita la kwanza kwa kiasi kikubwa na kuyumba kwenye la pili, kwa sababu mali iliitwa ya umma lakini uamuzi ulibaki kwa wachache. Uchina ya leo ingetupa majibu ya kubishaniwa usiku kucha, na mabishano hayo yangekuwa na maana, kwa sababu yangehusu viwanda, ardhi na hospitali badala ya rangi ya bendera.

Fasihi yetu ilishaliona hili mapema. Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na kuwekwa kizuizini miaka ya 1980, alichapisha mwaka 1995 riwaya ya Walenisi. Mhusika wake Dzombo anahukumiwa kifo katika nchi ya dhuluma, anaponea chupuchupu, kisha anatua katika nchi ambako watu wanaishi kwa usawa. Wahakiki wengine wameilaumu riwaya hiyo kwa kuhubiri, na sehemu zake zinahubiri kweli. Lakini jina la nchi hiyo ni uhakiki tosha: Wale-ni-sisi. Mkangi hakuiita Ujamaani. Aliipa jina lililo sentensi kamili, linalodai kwamba mpaka kati ya "wale" na "sisi" uondolewe. Na lugha ya mitaani nayo, bila kungoja msomi yeyote, ilikuwa imetoa hukumu yake zamani. Wakati waraka ulisema hatuna matabaka, Waswahili wa Nairobi walibuni "wabenzi" na kuwapa kiambishi wa-, kana kwamba ni kabila jipya. Walitenganisha "wananchi" na "wenyenchi". Silabi chache tu, na hoja nzima ya umiliki imo humo.

Maneno mengine ya safu hiyo yalipoteza meno kabisa. Chuo kikuu, "komredi" siku hizi ni mwanafunzi yeyote mwenye kitambulisho, hata awe anaota kumiliki ghorofa kumi Kileleshwa. Tanzania nako, "Ndugu" wa Bunge alimpisha "Mheshimiwa". Sililii istilahi. Ninaonyesha jinsi neno linavyoweza kubaki hai baada ya maana yake kuzikwa.

Jambo hili lina uzito leo, na ndiyo maana nimelichagua. Katiba yetu ya 2010 haina neno "kijamaa" popote. Lakini ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya afya, makazi, chakula, maji safi, elimu na hifadhi ya jamii. Ibara ya 204 imeunda Hazina ya Usawazishaji, asilimia nusu ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maeneo yaliyotelekezwa, mengi yakiwa yale yale ambayo hesabu ya 1965 iliyaweka mwisho wa foleni. Kwa jina, nchi hii si ya kijamaa. Kwa maandishi ya haki, imeahidi mambo ambayo nchi kadhaa zenye jina hilo hazijaahidi. Na kwa matendo? Nenda Kawangware, ambako maji yanauzwa kwa mtungi wa lita 20, kisha vuka uingie Lavington, ambako yanamwagiliwa nyasi. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Anayesema "hiyo ni stori ya Watanzania" anajinyima, bila kujua, haki ya kudai deni lake mwenyewe. Ahadi ilitolewa hapa, katika Bunge lililo kando ya Barabara ya Bunge, kwa jina lililowavutia wazazi wetu, nao wakaombwa wasiulize maana. Mboya aliyeitetea aliuawa Julai 1969 katika barabara tunayoiita leo Moi Avenue, na sanamu yake imesimama hapo hapo, watu wakipigia picha. Waliompinga walifungwa au wakazikwa kabla yake na baada yake. Wote hao walikuwa wakigombania maana ya neno moja, na hakuna hata mmoja aliyeliona kuwa la kigeni.

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo. Mwanafunzi akiandika kwamba nchi fulani ni ya kijamaa au si ya kijamaa, msimpe alama kwa jina pekee. Mwambieni aandike sentensi nyingine chini yake, yenye mtenda na kitenzi: nani anamiliki nini, na nani anamfaa nani.